Uzito wa mama na upasuaji wa uzazi: mambo ya kuzingatia kabla

Uzito unaohesabika zaidi ni ule wa mwanzo wa mimba, kabla ya wiki ya 12. Mjamzito anayefika kliniki mwezi wa saba amekwisha kupoteza kipimo hicho. Kwa baridi ya Njombe au Makete, vua koti, sweta na viatu kabla ya kupanda mzani, maana nguo hizo huongeza hata kilo 2, na urefu upimwe bila viatu. Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: kilo 82 na mita 1.56 ni karibu 33.7. Namba hiyo huitwa BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene.

Mwenye BMI ya 30 na zaidi ana uwezekano wa kufanyiwa upasuaji takriban mara mbili ya mwenye uzito wa kawaida, lakini wengi bado hujifungua kwa njia ya kawaida. Unene peke yake si sababu ya kupasuliwa. Kinacholeta upasuaji ni yale yanayoandamana nao: presha na kifafa cha mimba, sukari ya mimba inayokuza mtoto kupita kilo 4, mimba kupitiliza tarehe, na njia kufunguka polepole. Hilo la mwisho huwaponza wengi. Kabla njia haijafunguka sentimita 5 uchungu bado haujashika kasi, kwa hiyo mama na mtoto wakiwa salama, ucheleweshaji hapo si sababu ya kukimbilia kisu. Tembea, badili mkao.

Presha ipimwe kwa mkanda unaoenea mkono. Mkono wenye mzunguko wa zaidi ya sentimita 33 ukifungwa mkanda mdogo, presha husomeka juu kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa uchungu bure. Omba mkanda mkubwa, usione haya. Sukari ipimwe kati ya wiki ya 24 na 28.

Usijikondeshe ukiwa mjamzito. Mwenye BMI ya 30 na zaidi anatosha kuongeza kilo 5 hadi 9 mimba nzima. Wa uzito wa kawaida, 11.5 hadi 16. Punguza tonge la ugali, chipsi na soda. Maharage, mboga za majani na maziwa yabaki. Parachichi la Rungwe ni zuri, ila lina mafuta mengi: nusu yatosha.

Ukifika wiki ya 34, uliza utajifungulia wapi. Kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji huenda kikatosha, lakini mwenye BMI ya 40 na zaidi anahitaji mtaalamu wa usingizi, kwa sababu sindano ya ganzi ya mgongo huwa ngumu kupata njia yake. Kama unatoka Makete au Busokelo na tarehe inaangukia msimu wa mvua, sogea karibu na hospitali mapema, pamoja na ndugu wawili wa kuchangia damu.

Ukipasuliwa, hatari kubwa ni kidonda na damu kuganda miguuni. Mshono uliofichwa na mkunjo wa tumbo hubaki na unyevu: ukaushe taratibu kila ukioga, vaa khanga safi, na rudi hospitali ukiona usaha, harufu au homa. Simama na kutembea ndani ya saa 24 ukiruhusiwa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, usisubiri asubuhi.