Kumhudumia Mtoto Anayeharisha: Maji, Zinki na Chakula Hadi Uzito Urudi

Mtoto wa chini ya miaka mitano anapoanza kuharisha, wazazi wengi hutafuta kwanza dawa ya kufunga tumbo. Huko siko pa kuanzia, kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto wadogo huletwa na virusi, hasa virusi vya rota, na hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Kinachoua ni maji na chumvi zinazotoka mwilini, na kinachodhoofisha kwa muda mrefu ni chakula ambacho mtoto amekikosa wakati tumbo likimsumbua. Kazi ya anayemhudumia, awe muuguzi wa zahanati au bibi nyumbani, ni kurudisha kinachotoka na kuendelea kumlisha. Tunasema mtoto anaharisha anapopata kinyesi cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee huweza kupata kinyesi laini mara nyingi bila kuugua, kwa hiyo mama ndiye wa kuulizwa kama hali hiyo imebadilika.

Kabla ya kuchanganya chochote, mwangalie mtoto mwenyewe. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea kiasi kwamba ni vigumu kumwamsha, apelekwe kituo cha afya mara moja, na njiani aendelee kupewa maji kwa kijiko ikiwa bado anameza. Aliye na damu kwenye kinyesi naye anahitaji kuonwa na mtaalamu siku hiyohiyo, na aliyeharisha kwa siku 14 au zaidi asiendelee kutibiwa nyumbani. Kama ana homa, apimwe malaria hata kama kila mtu nyumbani ana hakika kwamba homa hiyo ni ya tumbo.

Upungufu wa maji huonekana kwenye macho yaliyoingia ndani, kwenye kiu inayomfanya mtoto akikimbilie kikombe, na kwenye ngozi ya tumbo. Ili kuipima ngozi, mlaze mtoto chali huku mikono yake ikiwa imenyooka ubavuni, kisha ukunje ngozi kati ya kitovu na ubavu kwa kidole gumba na cha shahada, bila kutumia kucha, mkunjo ukifuata urefu wa mwili. Shikilia kwa sekunde moja, uachie, na utazame. Ngozi yenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Inayojivuta kwa zaidi ya sekunde mbili ni ishara ya upungufu mkali, ambao hutibiwa kwa dripu kituoni. Utosi wa mtoto mchanga uliobonyea nao ni ishara ya upungufu wa maji, na kuupaka dawa za majani hakurudishi hata tone la maji.

Mtoto ambaye bado hajaonyesha dalili za upungufu hutibiwa nyumbani kwa maji ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari uliopimwa, unaochanganywa na maji ya kunywa. Soma maandishi ya pakiti kwanza, kwa kuwa zipo pakiti za lita moja na zipo za nusu lita au pungufu, na kosa la kipimo ndilo linaloharibu dawa hii kuliko jambo lingine lolote. Nawa mikono kwa sabuni, pima maji safi ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa, mimina unga wote wa pakiti, koroga hadi uyeyuke, kisha funika chombo. Angalia chupa unayopimia, maana chupa nyingi kubwa za maji ya dukani ni za lita moja na nusu, na ukiijaza kwa pakiti ya lita moja utapata maji mepesi yasiyotosha. Maji yakiwa machache kuliko inavyotakiwa, chumvi huzidi na mtoto huweza kudhurika. Usiongeze sukari ili ladha ipendeze. Sukari iliyomo imepimwa ili isaidie utumbo kuipokea chumvi, na chumvi ikipita, maji huifuata. Ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini kuyapeleka tumboni na kuharisha kunaongezeka. Kwa sababu hiyo soda na juisi za pakiti hazifai kuwa badala yake. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Mahali ambapo pakiti haipatikani kabisa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, katika lita moja ya maji safi, vitasaidia wakati pakiti ikitafutwa.

Kila mara mtoto anapoharisha, aliye chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe, na aliye mkubwa zaidi nusu kikombe hadi kikombe kizima. Kumpa ndiko kunakohitaji subira. Mtoto mdogo apakatwe akiwa ameinua kichwa, apewe kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika moja au mbili, bila kumbana pua na bila kummiminia kinywani. Akitapika, watu wengi huacha na kusema kwamba dawa imemkataa. Subiri dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi, kijiko kimoja kwa dakika mbili au tatu. Mara nyingi kinachobaki tumboni ni kingi kuliko kilichotoka. Chupa ya kunyonyea iwekwe kando, kwa sababu ni vigumu kuisafisha ipasavyo na huenda ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Pamoja na ORS, mtoto apewe vidonge vya zinki. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza mwaka 2004 miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10, yaani nusu ya kidonge cha kawaida, kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko chenye maziwa ya mama au ORS. Zinki hupunguza muda na ukali wa kuharisha na kuchelewesha kurudi kwake, lakini faida hiyo hupotea kwa wengi kwa sababu kuharisha hukoma siku ya tatu na vidonge vinavyobaki hukaa kabatini. Muuguzi anayetoa zinki amweleze mama jambo hili wazi, na ikiwezekana dozi ya kwanza itolewe palepale kituoni ili mama aone namna ya kuyeyusha.

Chakula kisisimamishwe. Desturi ya kumpumzisha tumbo mtoto, au ya kumpa uji mwepesi kama maji kwa siku nzima, humtoa kwenye ugonjwa akiwa amekonda. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi, usiku na mchana, na asiyefikisha miezi 6 hahitaji chakula kingine. Aliyeanza kula apewe kidogo kidogo kila baada ya saa tatu au nne vyakula anavyovijua, vilivyopondwa: mtori wenye nyama iliyosagwa, viazi na maharage yaliyochujwa maganda, wali laini wenye samaki aliyetolewa miiba, mtindi, ndizi mbivu. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika upesi, na uongezwe kijiko cha mafuta, karanga zilizosagwa laini au dagaa wa unga. Bakuli lake liwe lake peke yake, maana mtoto mgonjwa anayekula sinia moja na kaka zake huwa ameshindwa kabla hajaanza.

Dawa za kufunga choo za watu wazima hazifai kwa watoto, na antibiotiki iliyobaki kwa jirani haifanyi lolote dhidi ya virusi. Katika sehemu kadhaa za Tanzania, Kenya na Uganda wapo pia wanaopeleka mtoto kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Kinachotolewa ni mbegu za meno ya chonge ambazo hazijaota, na mtoto ambaye tayari ameishiwa maji huongezewa jeraha, damu kumtoka na hatari ya pepopunda. Kuambiwa kwamba amebemendwa, yaani kwamba amedhoofika kwa sababu wazazi walikutana kimwili akiwa bado ananyonya, nako humfanya mama aone haya kumleta kliniki mtoto aliyekonda. Muuguzi asikemee, amsikilize, kisha ampime mtoto mbele yake.

Kipimo hicho ndicho kinachoongoza wiki zinazofuata. Utepe unaozungushwa kwenye sehemu ya juu ya mkono, kati ya bega na kiwiko, wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ukisoma chini ya sentimita 11.5, au nyayo zote mbili zikiwa zimevimba, huo ni utapiamlo mkali na ORS ya kawaida haimfai bila uangalizi wa kituo, kwa kuwa ina chumvi nyingi kwa mwili wa namna hiyo. Kwa aliye nafuu, ongeza mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili baada ya kuharisha kukoma, na umrudishe kliniki uzito uandikwe kwenye kadi. Kuharisha kunakojirudia kabla ya miaka 2 ni mojawapo ya njia za kuingia kwenye udumavu, ambao utafiti wa kitaifa wa 2022 uliukuta kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania.

Mtoto aliyeugua huweza kuacha kusimama au kutambaa kwa siku kadhaa. Zungumza naye unapomlisha, mpe kifuniko au kikombe cha plastiki akigonge, mwache sakafuni kwenye mkeka safi ajaribu tena. Ikiwa hawezi kukaa bila kushikwa akiwa na miezi 9, au hatembei akiwa na miezi 18, mweleze muuguzi hata kama uzito wake ni mzuri. Siku hiyohiyo ya kliniki kadi iangaliwe pia upande wa chanjo: ya rota, inayotolewa Tanzania tangu 2013 kwa matone ya kumezwa, huanza mtoto akiwa na wiki 6, na aliyewahi kuharisha bado anaihitaji.