Yuza anagoma kulogini kwenye mashine zinazobuti kwa netiweki, anzia hapa

Tuelewane kwanza, naongelea LTSP mpya (mfumo unaobutisha mashine nyingi kwa netiweki kutoka seva moja), ya kuanzia toleo la 19.08. Ile ya zamani, LTSP 5, ilikuwa na mambo yake kabisa, ukifuata maelekezo yake hapa utazunguka tu.

Hatua ya 1. Seva iache kwanza. Kaa kwenye mashine yenyewe, bonyeza Ctrl+Alt+F2, itakuja skrini nyeusi ya maandishi, andika jina na paswedi. Ukikataliwa hapo, shida ni akaunti, paswedi au mawasiliano na seva, nenda hatua ya 2 na ya 3. Ukiingia fresh hapo ila kwenye desktopu unarudishwa palepale pa kulogini, paswedi haina kosa, ruka mpaka hatua ya 4. Wengi hii hawaifanyi, wanabaki kubadilisha paswedi mara tano na hamna kinachobadilika.

Hatua ya 2. Yuza ni mpya? Mara nyingi mchawi ndo huyu, maana orodha ya mayuza inapakiwa ndani ya faili la ltsp.img, ambalo mashine hulisoma zikibuti, kwa hiyo ukimuongeza mtu sasa hivi mashine hazimjui kabisa mpaka urun hii kwenye seva:

sudo ltsp initrd

halafu ubuti mashine upya. Amri hiyohiyo ndo inabeba funguo za SSH za seva (SSH ni njia salama ambayo mashine inaongea nayo na seva), so kama seva imeinstoliwa upya na ghafla watu wote wamefungiwa nje, dawa ni hiyohiyo. Usianze kujenga imeji nzima (mfumo wote ambao mashine zinabuti), utasubiri bure.

Hatua ya 3. Paswedi kwa kawaida haikai kwenye mashine, inaenda kuhakikiwa kwenye seva kupitia SSH. Fungua hii kwenye seva huku mtu analogini:

sudo journalctl -u ssh -f

Isipotokea hata mstari mmoja, ujue mashine haifiki kwenye seva au ssh imezimwa. Ikionyesha amekataliwa, cheki sshd_config (faili la seting za ssh kwenye seva), kuna mtu huwa anaweka PasswordAuthentication no, yaani kuzuia kuingia kwa paswedi, kwa nia njema tu ya usalama, na chumba kizima kinagoma.

Hatua ya 4. Anaingia halafu anatupwa nje. Piga df -h kwenye seva, diski ikijaa desktopu haiwezi kuandika chochote. Kama nafasi ipo, angalia .Xauthority (faili la ruhusa ya kufungua desktopu) ndani ya home yake, yaani folda yake kuu, ikiwa mali ya root irudishe:

sudo chown jina: /home/jina/.Xauthority

Bado? Tengeneza yuza wa majaribio (usisahau hatua ya 2!). Huyo akiingia, basi kilichoharibika ni seting za yule wa mwanzo, ibadilishe jina folda yake ya .config, usiifute, kuna siku atakuja kuidai.