Nyie mke na mume mnaotaka kukarabati nyumba mpangishe, someni kwanza hapa

Wengi wanaanzia kwenye rangi. Mke anataka kijivu, mume anataka krimu, wanabishana wiki nzima na hakuna hata mmoja aliyeuliza kiwanja ni cha nani. Hayo hapa chini ni mambo ya kukaa chini na kuyamaliza kabla hamjamuita fundi, siyapangi kwa umuhimu, nayaandika yanavyonijia.

Hela. Hesabuni iliyopo mkononi leo, sio ya mchezo mtakaopokea mwezi wa kumi. Na ibaki nyingine pembeni, maana ukifumua dari ya nyumba ya zamani hujui utakutana na nini, mbao zimeliwa na mchwa, waya zimeungwa na kufungwa nailoni, na fundi yuko pale juu ya ngazi anakuangalia anasubiri useme.

Kibali. Mkitaka kuongeza vyumba au kuvunja kuta piteni kwanza serikali ya mtaa, halafu manispaa, msisubiri mpigiwe X nyekundu ya kubomolewa ukutani.

Mvua. Huwezi kuezua bati mwezi wa tatu Dar es Salaam ukategemea kulala vizuri. Paa limalizwe kabla ya masika.

Mpangilio wa kazi. Paa, halafu waya na mabomba, halafu plasta, dari, taizi, rangi mwisho kabisa. Najua mnacheka, ila nendeni mkaangalie nyumba ngapi zimewekwa taizi mpya bafuni na mwezi mmoja baadae zinachimbwa kwa sababu bomba la ndani ya ukuta linavuja. Na ukuta uliokula chumvi usipakwe rangi juu yake, mtapaka leo mpangaji anaingia kesho na ikifika Eid inabanduka yote kama ngozi ya kitunguu, kwangueni plasta yote ya chini kwanza mjue unyevu unatokea wapi.

Fundi alipwe kwa hatua, vifaa mnunue wenyewe. Sina la kuongeza.

Sasa hili la kiwanja. Hapa ndio nataka mtulie.

Kuna dada mmoja mtaani kwetu Tandika ana saluni. Yeye na mumewe walikuwa wanaishi kwa mama mkwe, nyumba ya urefu ya zamani, vyumba sita na korido katikati, choo nje. Mama mkwe akawaambia jengeni tu wanangu, hii nyumba ni yenu. Kwa mdomo. Wakajenga. Hela ya kikoba ya mke ikaingia, mkopo wa kazini wa mume ukaingia, nyuma zikasimama masta tatu, vyumba vyenye choo na bafu ndani, na karo jipya la maji machafu, mbele dari ya jipsamu, wapangaji wakaja wanalipa miezi sita sita. Ilikuwa nyumba nzuri kwa kweli, na mama alikuwa anajisifu nayo kwa kila anayepita.

Mama akafariki. Hajaandika popote. Hati ina jina la baba mkwe ambae naye alishakufa zamani na mirathi yake haikuwahi kufunguliwa. Arobaini haijafika mashemeji wa Morogoro na Tanga wameshashuka, wamekaa sebuleni wanaulizana kodi ya vile vyumba vya nyuma anapokea nani. Nilikuwepo kwenye kikao kama jirani. Yule dada akaingia chumbani akatoka na mfuko wa rambo umejaa risiti, saruji, bati, nondo, kila kitu alitunza, alikuwa na uhakika kabisa. Mjomba mmoja akachukua ya juu, akavaa miwani, akaigeuza, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akasema mwanangu hii karatasi haina kitu. Akachukua ya pili. Zile risiti za mashine za EFD zinafutika jamani, joto la kabatini tu linatosha, mfuko mzima ulikuwa karatasi nyeupe isipokuwa chache za kuandikwa kwa mkono, na hizo nyingi ziliandikwa jina la mume.

Kwa sheria zetu jengo lililosimama kwenye ardhi linahesabiwa ni sehemu ya ardhi. Kwa hiyo nyumba nzima na masta zake ikaingia kwenye mirathi, akateuliwa msimamizi mahakama ya mwanzo, wapangaji wakaambiwa kodi sasa mnampa huyu. Mwishoni familia ikawahurumia wakaruhusiwa kupokea kodi ya chumba kimoja kwa muda wajirudishie kidogo. Mume aliumia lakini yeye ni mtoto wa pale, fungu lake lipo. Mke ndio hakuwa na kitu cha kushika.

Kwa hiyo: kabla ya tofali la kwanza pateni nakala ya hati, ofa au leseni ya makazi, someni jina. Jina ni la marehemu? Mirathi kwanza, ujenzi baadae. Jina ni la mzazi aliye hai? Aandike, asaini mbele ya mwanasheria, na ndugu wengine wajue, sio siri yenu na mama. Risiti pigeni picha siku hiyo hiyo, muombe iandikwe jina la aliyetoa hela, mtumiane wote wawili.

Na hata kiwanja kikiwa chenu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivi: mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa na jina la mmoja, inachukuliwa ni ya huyo mpaka mwingine athibitishe vinginevyo, ikiwa na majina yote mawili inachukuliwa mna haki sawa. Tofauti ya majina mawili na moja ndio hiyo, wekeni mawili. Kuna watu wanasema si kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kazi za nyumbani ni mchango. Ndio ilikubali, ila Bi Hawa mwenyewe alitoka bila kitu. Msitegemee kwenda kuthibitisha mbele ya hakimu kitu ambacho mngekiandika mkiwa mnapendana.

Mkiweka nyumba mnayoishi rehani benki, mwenza lazima aridhie, usisaini fomu unayoletewa jikoni huku unapika.

Wapangaji sasa. Mkataba uandikwe hata kama ni binamu. Kodi iingie kwenye namba moja mliyokubaliana, mpangaji asipate nafasi ya kusema nilimpa baba au nilimpa mama. Kila chumba sabumita yake, mita ndogo ya umeme, maana luku ya pamoja inagombanisha watu kuliko wivu, na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku, mkataba useme nani anaibeba. Karo likijaa nani anavuta, iandikwe. Kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, asilimia kumi, ipo, iwekeni kwenye hesabu mapema msije mkashangaa.

Dalali asishike funguo zaidi ya siku ya kuonyesha chumba. Mpangaji akihama kitasa kibadilishwe siku ile ile, mtungi wa gesi usikae chumbani, waya za bafuni mzikague wenyewe, na yule anayetaka kulipa mwaka mzima cash bila kuuliza choo kiko wapi, muulizeni anafanya kazi gani.