Seva ikitumwa na karani, ifungue faili kwa jina la karani

Nyinyi mnaoandika programu za ofisi za mawakala wa forodha hapa Mombasa, hebu kagueni hili. Karani anaomba nakala ya hati ya mzigo, lakini anayeifungua ni seva, yaani programu inayohudumia maombi. Mfumo endeshi hutazama ruhusa za seva. Karani haulizwi kitu. Akiandika njia ya faili ya mishahara, seva itampa, labda muwe mmeizuia wenyewe.

Mwaka 1988 mwanaprogramu Norm Hardy alieleza kisa cha kompaila, yaani programu ya kutafsiri msimbo, iliyoruhusiwa kuandika kwenye faili ya bili. Mtumiaji akaitaja faili hiyohiyo kuwa ndipo pa kuweka matokeo yake. Kompaila ikatii, bili zikapotea. Wala hakuna aliyevunja kufuli.

Dawa ni seva ivae utambulisho wa mteja, yaani karani, kabla ya kugusa faili, kisha iuvue. Linux kuna seteuid, mwito wa mfumo unaobadilisha mtumiaji ambaye programu inatenda kwa jina lake. Mkivaa, badilisheni makundi ya mtumiaji kwanza, mtumiaji mwenyewe baadaye. Kama seva ina nyuzi nyingi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, setfsuid ndiyo yenu, maana hubadilisha uzi mmoja tu. Msipime ruhusa kwa mwito wa access halafu mkafungua faili kwa open: kati ya hizo mbili mtu anaweza kubadilisha kiungo, kikaelekeza kwenye faili nyingine.

Windows kuna ImpersonateNamedPipeClient ya kuvaa utambulisho wa mteja, na RevertToSelf ya kuvua. Hapa ndipo wengi hujikwaa, hawasomi jibu la ule mwito wa kuvaa. Mwito ukifeli na programu ikaendelea, inafanya kazi kwa ruhusa zake zote, kimyakimya. Ukifeli, kataeni ombi papo hapo.