Somo: Kuwatunza watumishi wa shirika wakati wa ukame

Ndugu wanachama, kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana kaskazini mwa Kenya kwa misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Wengi wa waliotumwa na mashirika kugawa chakula na kuorodhesha hasara walikuwa watoto wa wafugaji, waliohesabu mizoga ya jirani huku mazizi ya kwao yakibaki matupu.

Hatua ya kwanza, kiongozi atamke kikaoni kwamba watumishi nao wamefikwa, akianza na hali yake mwenyewe, kwa kuwa mdogo hakiri kulemewa mbele ya mkubwa asiyeonyesha kuguswa.

Hatua ya pili ni ratiba, nami naisisitiza kuliko zote. Watu waende nyanjani wawili wawili, aliyeandika vifo leo apewe kazi nyingine kesho, na mapumziko baada ya safari yaingizwe katika bajeti kabla msimu haujaharibika, maana mapumziko yanayoombwa katikati ya dharura huonekana kama kutoroka.

Hatua ya tatu ni kusikiliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unataja mambo matatu: kuangalia, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada na jamaa zake. Mtu asilazimishwe kusimulia yaliyompata. Akae na mwenzake, apate maji, ajue jamaa zake wako wapi.

Hatua ya nne, asiyepata usingizi kwa majuma apelekwe hospitali ya kaunti. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Sisi tuko sita tu na hatuna fedha za mshauri. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni na hatua ya pili, kwani kupanga watu wawili wawili hakuhitaji fedha. Kisha mtafuteni mapema mhudumu wa afya ya akili katika hospitali iliyo karibu, mjuane naye kabla ya dharura.

Swali: Mvua zikirudi, tusitishe?

Jibu: Hapana. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalizikumba Wajir, Mandera na Marsabit, na waliokuwa wameanza kufufua mifugo yao wakaipoteza tena. Watumishi waliovumilia ukame wote wakaingia katika uokoaji bila kupumzika, na ndipo wengine walipolemewa. Vikao viendelee mvua zikinyesha.