Kusomesha watoto wa skuli kuandika programu: pembetatu isiyofunga

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, anayesomesha darasa la tano hapa Wete, Pemba, alinipigia simu: "Mjomba, pembetatu yangu haifungi." Nilicheka, kisha nikaona haya, maana pembetatu hiyohiyo iliwahi kunila mchana mzima. Hizi ndizo hatua nilizopita naye.

1. Weka Scratch ndani ya kompyuta

Scratch ni programu ya kuwafunzia watoto: wanapanga vipande vya amri, yaani bloku, na paka aliyemo kwenye skrini anavifuata. Pakua lile toleo lisilohitaji intaneti, libebe kwa flashi, liingize kila mashine. Ni la bure. Watoto ishirini kwenye bando la simu moja ni kutafuta ugomvi. Kwenye orodha ya lugha chagua Kiswahili. Mausi nunua za waya. Kile kibao cha kugusa cha laptopu kinawatesa watoto na mimi sikitaki darasani kabisa.

Ratiba usiigonganishe na saa za chuoni, yaani madrasa, utabaki na watoto watatu.

2. Ukili kwanza

Siku ya kwanza kompyuta zizimwe. Mtoto anayejua kusuka ukili, ule utepe wa majani ya mkindu wa kushonea mikeka, aeleze kwa mdomo tu, mikono nyuma, na mwenzake afuate atakaloambiwa, neno kwa neno. Watavuruga, watacheka, na baada ya muda, mmoja wao atachoka na kusema "basi rudia hivyohivyo." Hapo umeshapata somo la kurudia bila kuandika kitu ubaoni.

3. Mraba

Bendera ya kijani, kalamu chini, rudia mara 4: nenda hatua 100, geuka nyuzi 90. Bloku za kalamu hazimo kwenye orodha ya mwanzo. Bonyeza kitufe cha chini kushoto uziongeze.

4. Pembetatu

Hapa ndipo penye shughuli. Mtoto amefundishwa kwenye hesabu kwamba pembetatu yenye pande sawa ina pembe za nyuzi 60. Anaandika rudia mara 3, nenda 100, geuka 60. Paka anachora kitu kama bakuli lililokatwa na kusimama. Mimi siku ile nililaumu programu, nikaitoa, nikaiweka upya, nikabadilisha na kompyuta. Kumbe kosa lilikuwa langu, na aliyenidanganya ni mraba: pembe yake ya ndani ni 90 na mgeuko wake ni 90, kwa hiyo ukikosea hujui.

Paka hapimi pembe ya ndani. Anageuka kutoka pale pua yake ilipoelekea. Usilieleze hilo kwa maneno. Toka nje, mtoto mmoja awe paka, mwengine ashike chaki. Paka atembee hatua tano, asimame, na mwenye chaki aendeleze mstari mbele yake, kule ambako angefika kama asingegeuka. Sasa mwambie paka ageukie upande wa pili wa pembetatu, na wote watazame amezunguka kiasi gani kutoka kwenye ule mstari wa mbele. Ni 180 kutoa 60, yaani 120. Mpwa wangu alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe!"

Ukishapita hapo waache wagundue kwamba paka akirudi alipoanza, akitazama alipokuwa akitazama, amezunguka nyuzi 360: mraba 90 mara 4, pembetatu 120 mara 3, na ile 60 iliyotutesa ukiirudia mara 6 inatoa umbo la pande sita. Mjuzi wa darasa mpe nyota: 144 mara 5. Atakuja kukuuliza mbona jumla ni 720. Mwambie aitembee, ataona amezunguka mara mbili.

Bado kuna mitego. Paka hubaki alipoishia, kwa hiyo juu kabisa weka: futa yote, nenda x 0 y 0 (ndiyo katikati), elekea 90. Hiyo 90 ni kulia. Juu ni 0. Bila bloku hizo mtoto atabonyeza bendera mara ya pili, mchoro utapandana na wa kwanza, naye atabomoa programu iliyokuwa sahihi. Jukwaa, yaani pale anapotembea paka, lina upana wa 480 na urefu wa 360 tu, basi ukiandika hatua 300 paka atakwama ukingoni na umbo litaharibika. Tena kazi humalizika kufumba na kufumbua, kwa hiyo tia "subiri sekunde 1" ndani ya kurudia ili macho yamfuate.

5. Kuhifadhi

Kila dakika kumi, umeme haupigi hodi. Jina la faili liwe la mtoto mwenyewe. Wakiliacha lile linalokuja na programu, kompyuta itauliza kama ifute faili ya zamani, na mtoto wa darasa la tano husema ndiyo kwa kila kitu.