Umeajiriwa Mtwara: nguo za kazi, na barua ya onyo ikija ufanyeje

Kama umepata kazi huku kwetu, iwe halmashauri au kampuni, kabla hujakimbilia mitumba jua kwanza umeajiriwa na nani, maana hapo ndo sheria zinapoachana na wengi wanakuja kujua wakishashikishwa barua.

Serikalini usibahatishe. Kuna Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 wa mavazi, unabana nchi nzima: jinzi, fulana, kaptula, nguo fupi, za kubana au za kuonyesha mwili, hamna. Sasa shida ya huku joto, Disemba unafika ofisini shati limeshalowa, suti ya poliesta utaijutia. Chukua pamba, au kitenge upeleke kwa fundi, mwambie aache nafasi kiunoni na aweke bitana, maana kitambaa chepesi ukisimama mlangoni jua likiwa nyuma yako watu wanaona kila kitu, na ukijaribu sketi usiishie kusimama kwenye kioo, kaa kwenye kiti hapohapo kwa fundi uone inapanda mpaka wapi.

Private waraka huo haukuhusu. Kinachokubana ni mkataba na kanuni za kampuni, so siku ya kusaini omba HR akupe za mavazi kwa maandishi, hata wasap poa tu. Ila kiwandani au bandarini helmeti na buti sio mavazi ya kujinunulia, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe, usikubali kukatwa mshahara.

Ukipewa barua ipokee, saini na tarehe, halafu ujibu kwa maandishi, sio kubishana kwenye korido. Kwa private, GN 42 ya 2007 (Tangazo la Serikali lenye kanuni za ajira na nidhamu kazini) inasema kosa la kwanza halitoshi kumfukuza mtu mpaka liwe zito kweli, na kikao cha nidhamu upewe angalau saa 48 za kujiandaa, tena unaruhusiwa kwenda na mfanyakazi mwenzio au mtu wa chama cha wafanyakazi. Wakikuachisha, peleka malalamiko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30, usikae unasubiri bosi apoe. Serikalini kuna mamlaka ya nidhamu na hati ya mashtaka, ukiona umeonewa unakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45, walimu wao wanaanzia Tume yao ya Utumishi wa Walimu.

Mi naona tunakazana sana na sketi. Mtu kavaa kapendeza, mwananchi katoka Nanyamba na boda anaambiwa njoo kesho, barua ya onyo kwa hilo siioni. Kwa hiyo kama uko serikalini jaza kazi zako kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kila unapozimaliza, siku ukiitwa kwa ajili ya viatu uwe na cha kuonyesha.

Na kila barua piga picha ujitumie kwenye email, faili la ofisini utaliacha hukohuko.